Jaza Nafasi Zilizo Wazi

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni,
juu ya duka la vipuri, Tandale kwa Mtogole,
viti vya plastiki, feni moja yenye kikohozi.
Mimi ni Sikitu, mtunza stoo ya hospitali,
miaka arobaini na tisa.
Mchana nahesabu glavu na dripu,
jioni nahesabu vijineno vya Waingereza
vya herufi mbili, tatu,
na hivyo ndivyo vinavyonitoa jasho.

Maneno marefu hayajanishinda,
nayameza kama muhogo, kwa maji.
Lakini "in", "on", "at"!
Asubuhi umo ndani yake.
Jumatatu uko juu yake, kama umepanda baiskeli.
Usiku unaishia mlangoni, "at night",
hukaribishwi.
Nani aligawa hivi?
Mwalimu Kilumbi anasema: hapa hakuna kwa nini,
kariri, Bi Sikitu.

Kwetu kwa ni moja na inatosha.
Nakata kwa kisu, nakwenda kwa miguu,
nanunua kwa mkopo, nalia kwa uchungu,
na nikipotea katika jiji hili naulizia kwa:
kwa Manyanya, kwa Msuguri,
wenyewe siwajui sura,
ila kwa yao ipo, inanipokea.
Palipokosa kwa pana ni:
Magomeni, Kinondoni, Mikocheni, Mtoni,
silabi moja mkiani, watu wamejenga.

Masikio yangu nayo yana fitina.
Mwalimu akisema "at", nasikia eti.
"At work": eti kazini.
"At home": eti nyumbani.
Akisema "in" nashika ini langu,
akisema "by" nampungia mkono.
Selestini wa bandarini hunicheka,
yeye aliyemshukuru bosi wake "by" mshahara,
na bosi akadhani anaaga.

Alhamisi hii, swali la saba:
Mwanaidi is married ____ a driver.
Nikaandika "with", sikusita.
Si ameolewa na?
Kalamu nyekundu ikapita juu yake: "to".

Nikanyoosha mkono.
"To" si ile ya safari? Ya kwenda Mbeya?
Hiyo hiyo, akasema.
Kwa hiyo mtu anaolewa kuelekea?
Darasa zima likacheka.

Chande wangu ni dereva.
Tunduma, Ndola, Lubumbashi, foleni ya mpakani siku nane.
Miaka ishirini na miwili nimeolewa kuelekea kwake.
Kikombe chake kabatini, mdomo chini.
"With" naweza kuihesabu kama glavu:
mfungo ule mmoja, siku tisa;
alipovunjika mguu, wiki tano,
Mungu anisamehe, wiki tano nzuri.
Waingereza wasionijua
walijuaje neno la kuweka pale?

Swali la nane ni la kungoja.
Wao wanataka "for", mtu akae nje ya neno, avuke daraja.
Sisi tunasema namngoja,
naye yumo, tumboni mwa kitenzi,
herufi moja tu, m,
hata kama simu yake haipatikani.
Nikaandika "for". Nikapata tiki.

Nilipofika nyumbani nikafungua kufuli, nikasimama.
Kumbe na sisi tunazo tatu,
nazitumia tangu sijaota meno
na hakuna aliyenitahini.
Mlangoni pana kandambili, jozi moja.
Uani kuna kanga iliyosahau kuanuliwa.
Mwalimu Kilumbi aje siku moja na kalamu yake,
anisahihishie hii ya mwisho,
nami akiuliza nitamwambia hakuna kwa nini:

Chumbani mna ____